Seva iliyomo ndani ya mashine ya vifaranga

Mayai ya kuku huatamiwa kwa siku 21, na siku zote hizo hutaka joto lisiloyumba. Kwenye mashine yenye feni ni nyuzi 37.5 za Selsiasi, na unyevu wa asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za mwanzo, kisha asilimia 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Joto likipita nyuzi 39 na kukaa huko kwa saa kadhaa, vifaranga huanza kufia ndani ya maganda. Ndiyo maana mfugaji anayetotolesha kwa mashine huamka usiku wa manane na tochi mkononi, akachungulia kipimajoto kupitia kioo cha mlangoni, na akarudi kulala na wasiwasi uleule alioamka nao.

Kazi hiyo sasa inaweza kufanywa na chipu ya milimita 5 kwa 5. Inasoma joto, inawasha na kuzima balbu, inaendesha mota ya kugeuza mayai. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike: chipu hiyohiyo inatoa ukurasa wa wavuti. Mfugaji anafungua kivinjari cha simu yake, anaandika tarakimu chache, na anaona joto ni ngapi, unyevu ni kiasi gani na mayai yako siku ya ngapi. Ukurasa huo hautoki Marekani wala Ulaya, wala haukupitia huko. Umetoka ndani ya mashine, mita chache kutoka kitandani kwake, na haujala hata baiti moja ya bando.

Huu ndio mpangilio unaotufaa huku kwetu, ambako intaneti inalipiwa kwa megabaiti na mtandao hukatika bila taarifa. Lakini hauji bure. Mafundi wengi huchukua programu iliyokwisha kuandikwa, wakaipakia kwenye chipu, wakaona inafanya kazi mezani, wakaikabidhi kwa mteja. Wiki mbili baadaye mteja anapiga simu: mashine imeganda. Chanzo chake mara nyingi si waya uliolegea wala umeme. Ni namna programu inavyosubiri.

Tuanze na umaskini wa chipu yenyewe. Mwaka 2014 mafundi wa nje ya China walianza kuona kibao kidogo kiitwacho ESP-01, chenye chipu ya ESP8266 iliyotengenezwa na Espressif, kampuni ya Shanghai iliyoanzishwa mwaka 2008 na mhandisi wa Singapore, Teo Swee Ann. Kiliuzwa kama kiungo cha kuvipa vifaa vingine Wi-Fi, na maelezo yake yalikuwa kwa Kichina. Watu wakayatafsiri, wakagundua kwamba chipu hiyo haihitaji bwana: yenyewe ina kichakataji, na inaweza kuandikiwa programu yake. Mwaka 2016 ikaja ESP32, yenye nguvu zaidi. Juni 2022 Raspberry Pi ya Uingereza nayo ikaleta Pico W, kibao chenye Wi-Fi kilichotangazwa kwa dola 6.

ESP32 ina kilobaiti 520 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Simu ya kawaida yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu zaidi ya mara 8,000 ya hiyo. ESP8266 ndiyo maskini kabisa: Wi-Fi ikishawaka, programu ya fundi hubakiwa na nafasi isiyofika kilobaiti 50. Picha moja uliyotumiwa WhatsApp haienei humo. Na ndani ya nafasi hiyo tunataka ikae seva, yaani programu inayosikiliza saa zote na kumjibu kila anayeomba, huku ikiendelea kulinda mayai.

Sasa tazama jinsi muda unavyopotea. Kihisi cha joto cha DS18B20, kile chenye waya mweusi na ncha ya chuma ambacho hukikosi kwenye maduka ya elektroniki ya Kariakoo au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, huchukua hadi milisekunde 750 kupima kwa usahihi wake wa juu, yaani kwa hatua za nyuzi 0.0625. Chipu hukiagiza kipime, kisha haina la kufanya mpaka jibu liwe tayari. Kwetu robo tatu ya sekunde ni kufumba na kufumbua. Kwa ESP32 inayokwenda megahezi 240, ni mapigo milioni 180 ya saa yake ya ndani, yote yamekwenda bure.

Programu ya anayeanza huandikwa kwa kufuata mstari: pima joto, subiri, amua kuhusu balbu, angalia kama kuna aliyeomba ukurasa, mjibu, rudi mwanzo. Mezani inakwenda vizuri kwa sababu mezani kuna simu moja, na mwenye simu ni fundi mwenyewe, aliyekaa karibu na antena.

Bandani mambo ni mengine. Vivinjari vya leo havijui kuja kimoja kimoja. Chrome na Firefox hufungua hadi miunganisho 6 kwa pamoja kwa seva moja inayotumia HTTP/1.1: huu wa ukurasa, huu wa faili la mitindo, huu wa hati ya kuchora grafu, na mmoja wa kutafuta kialama kidogo cha kuweka juu ya kichupo, hata kama hujakiweka. Seva ya HTTP inayokuja na vifaa vya programu vya Espressif wenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida, huruhusu miunganisho 7. Simu ya mume na ya mke zikifungua ukurasa kwa pamoja, miunganisho inaweza kufika 12.

Halafu kuna tabia moja ya Chrome ambayo imewatesa mafundi wengi bila wao kujua kinachowatesa. Ili kurasa zije haraka, kivinjari hicho hufungua muunganisho wa akiba kabla hakijawa na la kuomba. Mgeni anabisha hodi, anakaribishwa, anaingia, anakaa kimya. Seva inayohudumia mmoja mmoja humsubiri aseme haja yake. Kwenye maktaba moja maarufu ya programu za ESP8266 subira hiyo hufika sekunde 5, na katika sekunde hizo mgeni wa pili, mwenye haja ya kweli, yuko mlangoni. Mwenye simu anaona kiduara kinazunguka. Anabonyeza tena. Kubonyeza tena kunaleta miunganisho mingine, na foleni inazidi.

Hayo ni usumbufu tu. Hatari yenyewe ni hii: mfugaji amefungua ukurasa akiwa mlangoni mwa banda, na kabla haujamaliza kushuka anaitia simu mfukoni anaelekea barabarani. Simu inapotea hewani bila kuaga. Seva haijui. Itifaki ya TCP inayosafirisha data hutaka uthibitisho kwamba kilichotumwa kimefika. Usipokuja, hutuma tena, ikingoja muda mrefu zaidi kati ya jaribio na jaribio, na kukata tamaa kwake kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Programu iliyosimama kwenye mstari wa kutuma imesimama pamoja na kila kilicho chini ya mstari huo. Haisomi tena joto. Balbu ya wati 100 iliyokuwa inawaka itaendelea kuwaka ndani ya boksi lililozibwa vizuri makusudi lisipoteze joto. Mayai 60 yanaingia hatarini kwa sababu mtu ametoka nje ya eneo la Wi-Fi.

Dawa ya kwanza anayoifikiria mtu aliyesomea kompyuta kubwa ni kumpa kila mgeni mhudumu wake. Kwenye kompyuta kubwa inakubalika. Kwenye ESP32, kila kazi inayojitegemea hutengewa eneo lake la kumbukumbu, ambalo kwa mazoea ni kama kilobaiti 8. Ongeza akiba za kupokea na kutuma data, ambazo kwa mpangilio wa kawaida zinaweza kufika kama kilobaiti 5.7 kila upande kwa kila muunganisho. Wageni kumi wanaelekea kilobaiti 200. Kwenye ESP8266 hata wageni watano hawaingii.

Dawa ya pili ndiyo yenye akili: mhudumu mmoja tu, asiyesimama kungoja. Mpishi wa shughuli mwenye masufuria matano hasimami kuukodolea macho wali mpaka ukauke. Anaufunika, anageukia mchuzi, anarudi kwenye wali ukifika wakati wake. Programu ya namna hii huitwa asinkroni, na kiini chake ni orodha fupi. Kila kazi inapofika mahali pa kusubiri huandika inasubiri nini: milisekunde 750 za kihisi, au mgeni aseme neno, au antena ipate nafasi ya kutuma kipande kingine. Kisha inaachia usukani. Mzunguko mkuu hupitia orodha, huamsha kazi ambayo ilichokuwa ikikingoja kimetimia, huiacha iende hatua chache mpaka ifike tena pa kusubiri. Yule mgeni bubu wa Chrome anabaki mstari mmoja kwenye orodha, akila mamia machache ya baiti. Simu iliyopotea barabarani nayo ni mstari mmoja, na ukiuwekea kikomo cha sekunde 10 unafutwa ukifika. Kazi ya kulinda joto haikujua hata kama walikuwepo.

Wazo hili si geni. Melvin Conway aliandika mwaka 1963 juu ya programu zinazopishana kwa hiari, kila moja ikikumbuka ilipoishia. Mwaka 1983 mfumo wa Unix wa Berkeley, toleo la 4.2BSD, ulileta amri ya kuuliza miunganisho mingi kwa mkupuo ni upi wenye habari. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza kwa nini seva moja ishindwe kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja, ilhali vifaa vya wakati huo vilikuwa na nguvu ya kutosha. Swali lake lilisukuma kizazi kizima cha seva, ikiwemo nginx ya Mrusi Igor Sysoev iliyotolewa mwaka 2004, na jibu lilikuwa hilihili: acha kumpa kila mgeni mhudumu wake. Mashine kubwa mbele ya wateja elfu kumi ilikuwa maskini kama chipu yetu ilivyo maskini mbele ya wateja kumi.

Lakini aliyeuleta ufundi huu mpaka kwenye vifaa vidogo kabisa ni Msweden, Adam Dunkels, na kisa chake kinastahili kusimuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akifanya kazi kwenye mradi ambao wachezaji wa magongo ya barafuni wa mji wa Luleå, kaskazini mwa Sweden, walivalishwa vihisi vya kupima hali ya miili yao wakiwa mchezoni. Vihisi vilitakiwa vizungumze lugha ya intaneti moja kwa moja. Wakati ule wengi waliamini kwamba TCP/IP ni mzigo usiobebeka na chipu ndogo. Dunkels aliiandika upya kwa ubahili mkubwa, akaiita lwIP. Kisha akaandika nyingine ndogo zaidi, uIP, iliyotosha kwenye kumbukumbu ya mamia ya baiti tu. Akaunda pia Contiki, mfumo endeshi uliofanya kazi hata kwenye Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982.

Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya mbinu waliyoiita protothreads, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Kazi inayosimama inahitaji kukumbuka nini ili iendelee baadaye? Kwa njia ya kawaida, hukumbuka eneo lake lote la kumbukumbu, kilobaiti kwa kilobaiti. Dunkels alijibu kwamba inatosha kukumbuka namba ya mstari wa programu ilipoishia. Namba hiyo ni baiti mbili. Kazi ikiamshwa, inaruka moja kwa moja hadi mstari huo na kuendelea kana kwamba haikutoka. Bei yake ni kwamba vigezo vya ndani havihifadhiwi kati ya kusimama na kuamka, kwa hiyo mwandishi wa programu lazima aviweke mahali pa kudumu yeye mwenyewe. Kwa chipu yenye kilobaiti chache, bei hiyo inalipika.

Leo lwIP imo ndani ya ESP8266, ndani ya ESP32 na ndani ya Pico W. Kazi iliyoanza kwa ajili ya wachezaji wa barafuni ndiyo inayosafirisha vipimo vya joto la mayai ya mfugaji wetu. Contiki nayo ilifika kwetu mapema. Mradi wa WIMEA-ICT, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, ulibuni vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu ambamo vifundo vidogo, kimoja juu ya mlingoti wa mita 10, kingine kwenye mita 2, kingine ardhini, hukusanya vipimo na kuvituma kwa redio hadi kwenye lango moja. Vifundo hivyo viliendeshwa na Contiki. Kwa hiyo wapo wahandisi Dar es Salaam na Kampala waliokwisha kuishi na nidhamu hii ya baiti mbili, na maarifa yao yanapaswa kuwafikia mafundi wa mitaani.

Fundi wa leo halazimiki kuandika hayo yote kwa mkono. Anayetumia C++ ana ESPAsyncWebServer, iliyoanzishwa na mtayarishaji anayejulikana mtandaoni kwa jina la me-no-dev. Anayependa Python ana MicroPython, kazi ya Mwaustralia Damien George aliyoichangishia fedha kwenye Kickstarter mwaka 2013, na juu yake ana Microdot ya Miguel Grinberg, seva ndogo ambayo kiini chake ni faili moja. Mimi huwashauri vijana waanze na Microdot. Kanuni yake inaonekana kwa macho: popote pa kusubiri pameandikwa await, na pasipo na neno hilo hakuna anayeachia usukani.

Hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Ukiandika time.sleep(0.75) kungoja kihisi, umeifunga chipu yote kwa milisekunde 750, wageni, balbu na mota, wote wanangoja. Ukiandika await asyncio.sleep(0.75), wengine wanaendelea. Kwa macho ni neno moja la ziada, kwa mashine ni tofauti ya kuganda na kutoganda. Mpangilio huu unategemea uungwana wa kila kazi, na kazi moja isiyojali inatosha kuwakwamisha wote. Kwa sababu hiyo chipu zina saa ya ulinzi: programu isipotoa ishara ya uhai kwa muda uliowekwa, chipu hujiwasha upya yenyewe. Wapo wanaoizima saa hiyo kwa sababu inawakatizia kazi. Nawasihi wasifanye hivyo. Ikilia, inakuonyesha kazi iliyong'ang'ania usukani, itafute.

Ukurasa wenyewe nao una adabu zake. Usiujenge wote kwenye kumbukumbu kisha ukautuma. Uhifadhi kwenye flashi, yaani kumbukumbu ya kudumu, ambayo kwenye vibao vingi ni megabaiti 4, na uusome kipande kwa kipande cha kilobaiti moja, ukiachia usukani baada ya kila kipande. Bora zaidi, ubane kwa gzip kwenye kompyuta yako kabla ya kuupakia; ukurasa wa maandishi na hati hupungua sana, na kazi ya kuufumua inafanywa na simu ya mteja. Simu ina gigabaiti 4. Ibebeshwe. Hata grafu ya joto la siku nzima usiichore kwenye chipu: tuma namba tupu, simu ichore.

Mashine ninayoizungumzia niliitengeneza kwa ajili ya dada yangu anayefuga Kibaha, na kwake nilijifunza jambo ambalo vitabu vya programu havilitaji. Nyumbani kwake hakuna ruta. Chipu inatoa Wi-Fi yake yenyewe, simu inajiunga nayo, na ukurasa unapatikana kwenye anwani 192.168.4.1, ambayo ndiyo anwani ya kawaida ya chipu hizi zikijifanya kituo. Siku ya kwanza alinipigia: "Kaka, simu inaniambia hii Wi-Fi haina intaneti, inanirudisha kwenye data." Simu ilikuwa inasema kweli. Android inapoona mtandao usio na intaneti, huuliza kama mtu anataka kubaki, na asipojibu hurudi kwenye data ya simu, na ukurasa haufunguki. Nikamwambia, "Dada, bonyeza ndiyo, na uweke alama isikuulize tena." Ikakaa sawa. Maelekezo hayo sasa nayabandika kwenye ubavu wa kila mashine, kwa karatasi iliyopakwa plastiki, kwa maana mteja asiyeyajua atadhani ameuziwa kitu kibovu.

Wengine huniuliza kwa nini nisipeleke vipimo kwenye wingu la kampuni fulani ya nje, programu ya simu iko tayari, mchoro ni mzuri, na mtu anaona mayai yake hata akiwa safarini. Jibu langu la kwanza ni bando. La pili ni Revolv. Hicho kilikuwa kifaa cha kuongozea vyombo vya nyumbani kilichouzwa Marekani kwa dola 300. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa chini ya Google, mwaka 2014, na Mei 2016 huduma ikazimwa. Vifaa vilivyokuwa vizima kabisa kwenye nyumba za watu viliacha kufanya kazi, kwa sababu akili yake iliishi kwenye seva za mbali. Mfugaji wa Kibaha hawezi kuweka mayai yake kwenye rehani ya uamuzi wa kikao ambacho hatakisikia. Akitaka kuona vipimo akiwa safarini, inaweza kuongezwa moduli ya kutuma ujumbe mfupi joto likivuka mpaka. Kazi ya msingi ibaki nyumbani.

Kuna upande mmoja ambao seva hizi ni dhaifu, nao ni usalama. Kufungua muunganisho uliosimbwa kwa TLS kunaweza kula makumi ya kilobaiti, na ESP8266 inahema sana kwa hilo. ESP32 inaweza, lakini kwa miunganisho michache. Kwa hiyo kurasa nyingi za namna hii hupita bila kusimbwa, zikitegemea nenosiri la Wi-Fi yenyewe. Ndani ya nyumba inatosha, endapo nenosiri hilo si 12345678. Kosa ni kuichukua seva hiyo na kuifungulia mlango wa intaneti nzima. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu majina na manenosiri takriban 60 ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Kifaa kidogo kikiwa wazi kinamdhuru mwenyewe na jirani pia.

Tahadhari nyingine ni ndogo lakini ya lazima. Kitufe cha kubadili joto au kuzima balbu kisiwe kiungo cha kawaida. Vivinjari huweza kufungua viungo mapema kwa kubahatisha, na historia ya simu huweza kuvirudia. Amri inayobadilisha chochote itumwe kwa ombi la aina ya POST, na seva ikatae joto lolote lililo nje ya mipaka, kwa mfano chini ya nyuzi 36 au juu ya 38.5, hata kama aliyeliandika ni mwenye mashine. Na pembeni ya chipu kuwe na kidhibitijoto cha kawaida kilichounganishwa mfululizo na balbu, kinachokata umeme kikifika nyuzi 39 bila kuomba ruhusa ya programu yoyote. Fundi anayeamini programu yake peke yake hajaona mayai ya mteja yakiharibika.

Ukiwa umeandika seva yako mwenyewe, unakuwa pia na uhuru ambao programu za simu za nje hazikupi: ukurasa unasema Kiswahili, na unasema kwa namna ya anayeutumia. Wa dada yangu hauna neno la kutafsiri kichwani. Juu kabisa umeandikwa "Siku ya 12", chini yake "Joto 37.4, sawa", kisha "Unyevu 54, sawa". Ikifika siku ya 18 kisanduku kinageuka rangi ya chungwa na kuandika "Acha kugeuza mayai. Ongeza maji kwenye trei", kwa sababu hapo kifaranga anajipanga kutoka na hatakiwi kubiringishwa tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nibadili maneno ya mwanzo niliyoweka, nikaandika upya mstari huo, nikapakia faili, dakika tatu tukawa tumemaliza. Sasa anataka mashine ya pili. Chipu ya mashine hiyo itaiuliza ya kwanza kila dakika kwa ombi la kawaida la HTTP, ili simu yake ifungue ukurasa mmoja na kuona mashine zote mbili. Kwenye orodha ya mzunguko mkuu, hilo ni kuongeza mstari mwingine mmoja.